Koni za usukani zinavyoshusha bei ya pikipiki kuukuu

Na MWANDISHI WETU
MACHAKOS

BEI ya pikipiki kuukuu hukatwa kwa mambo yaonekanayo na kila mtu: rangi iliyobabuka, kiti kilichochanika, tairi zilizobaki vipara na injini inayofuka moshi. Mnunuzi mzoefu, hata hivyo, huanzia kwingine. Hushika usukani, akaugeuza polepole kushoto na kulia. Akihisi unakwama unapofika katikati, hushusha bei papo hapo, na huenda akashusha kwa kiasi kinachozidi mara kadhaa gharama ya kurekebisha kasoro yenyewe.

Kinachokwama ni koni, yaani beringi za usukani. Ni vipuri vidogo, vya bei nafuu, na havionekani mpaka pikipiki ifunguliwe. Licha ya udogo wake, vipuri hivi humpunja muuzaji asiyevifahamu, na vilevile huweza kumtia mnunuzi asiye makini katika hasara kubwa au hatari ya ajali.

Suala hili haliwahusu mafundi pekee. Mnamo 2008 serikali iliondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki zenye injini isiyozidi cc 250, na biashara ya bodaboda ikapanuka kwa kasi kote nchini. Katika kaunti ya Machakos, kama ilivyo kwingineko, pikipiki ni mtaji wa familia. Kijana wa Mwala au Yatta anayeinunua kwa mkopo hulipa awamu baada ya awamu hadi apate kitabu cha umiliki mkononi. Siku anapoiuza ndipo hurejeshewa sehemu ya mwisho ya jasho lake. Akiipeleka dukani ili aongeze fedha na kupewa mpya, bei atakayokadiriwa ndiyo itakayoamua ukubwa wa mkopo wake wa pili.

Koni ni nini?

Mbele ya fremu, chini kidogo ya usukani, pana bomba fupi la chuma lililosimama kwa kuinama nyuma kidogo. Hiyo ndiyo shingo ya pikipiki. Ndani yake hupita mhimili ulioungana na usukani kwa juu, na kwa chini na shokabu mbili zinazoshika gurudumu la mbele. Mhimili huo unapaswa kuzunguka kwa wepesi, lakini usicheze mbele na nyuma hata kwa upana wa unywele.

Kazi hizo mbili hufanywa na seti mbili za beringi, moja juu ya shingo na nyingine chini yake. Katika pikipiki nyingi ndogo zinazotumiwa kwa uchukuzi, kila seti ina kikombe cha chuma kigumu, koni inayokabiliana nacho, na gololi ndogo zinazobiringika baina yao. Pikipiki kubwa, pamoja na baadhi ya ndogo, hutumia rola zilizochongoka upande mmoja badala ya gololi. Mafundi wa jua kali huuita mkusanyiko huo wote "koni", nasi tutafuata lugha yao.

Juu ya shingo kuna nati inayobana seti zote mbili. Ikilegea, usukani hucheza. Ikikazwa kupita kiasi, usukani huwa mzito na gololi hugandamizwa. Kipimo sahihi kimo katikati, na ndiyo maana kazi hii huhitaji mkono wenye uzoefu.

Kwa nini huchakaa

Beringi ya gurudumu huzunguka maelfu ya mara katika safari moja, na kwa hivyo mzigo wake husambaa sehemu zote. Koni za usukani hazina bahati hiyo. Pikipiki inapokwenda moja kwa moja, usukani husogea kidogo mno. Gololi hubaki mahali pale pale kwa muda mrefu zikipokea kila kishindo cha mashimo, mawe na matuta. Grisi iliyo chini yake husukumwa kando, chuma kikabaki kinasugua chuma.

Matokeo yake ni vijishimo katika uso wa kikombe. Mnamo 1900 mhandisi wa Uswidi, Johan August Brinell, alieleza njia ya kupima ugumu wa chuma kwa kukigandamiza na gololi ngumu, kisha kupima upana wa alama inayobaki. Kile ambacho mpimaji hukifanya mara moja katika maabara, barabara mbovu hukifanya kila siku ndani ya shingo ya pikipiki. Kwa kuwa gololi nyingi huwa katika nafasi ya kwenda mbele moja kwa moja, vijishimo hujichimba katika nafasi hiyo hiyo. Baadaye usukani unapopita katikati, gololi zote hutumbukia kwa pamoja, na dereva huhisi kama usukani umenaswa na ndoana.

Seti ya chini ndiyo huumia zaidi. Hubeba kishindo kinachotoka gurudumuni, tena iko karibu na vumbi, matope na maji yanayorushwa na tairi.

Mazingira ya Machakos huharakisha uchakavu huo. Katika nyanda za Yatta na Masinga, na katika vijia vinavyoacha lami ya barabara ya Machakos-Kitui kuelekea vijiji vya Mwala, mchanga na vumbi jembamba hupenya kila palipo na mwanya. Mvua za Oktoba hadi Desemba zikianza, vumbi hilo hugeuka tope. Kwenye miteremko ya milima ya Iveti na Mua, dereva mwenye abiria hulazimika kufunga breki mara kwa mara, na kila anapofunga breki ya mbele uzito wa pikipiki huelemea shingo.

Kuna pia suala la mizigo. Mitungi mitano ya lita 20 za maji ina uzito wa kilo 100 bila kuhesabu mitungi yenyewe. Msimu wa maembe unapofika, magunia huchukua nafasi ya mitungi. Mzigo mzito nyuma haugandamizi koni moja kwa moja, lakini hulifanya gurudumu la mbele kuwa jepesi na usukani kuyumba, na hapo koni zilizolegea hugongwagongwa ndani ya vikombe vyake.

Adui mwingine ni mazoea ya usafi. Mashine za kuoshea zenye shinikizo kubwa zikielekezwa shingoni, maji huingia na kufukuza grisi. Pikipiki ikang'aa kwa nje, kutu huanza kazi yake ndani.

Dalili na hatari

Koni zilizochoka hujitangaza kwa namna mbili tofauti, na ni muhimu kuzitenganisha.

Namna ya kwanza ni mchezo. Dereva akifunga breki ya mbele husikia mgongo mdogo, "tok", chini ya usukani. Akipita kwenye tuta, sauti hiyo hujirudia. Mwendo ukiongezeka, usukani huanza kutetemeka, na mtetemo huwa mkali zaidi pikipiki ikiwa imebeba mzigo nyuma.

Namna ya pili ni mkwamo. Pikipiki yoyote husimama wima kwa sababu gurudumu la mbele hujirekebisha kushoto na kulia kwa vipimo vidogo sana ambavyo dereva hata havitambui. Usukani ukinaswa katikati, marekebisho hayo huchelewa, kisha hutokea kwa ghafla. Pikipiki huanza kupinda kama nyoka hata kwa mwendo wa polepole, na dereva huchoka mabega bila kujua sababu. Barabarani penye malori, au kwenye kona ya mteremko wenye changarawe, kuchelewa huko kwaweza kumgharimu yeye na abiria wake.

Kwa nini bei huanguka kupita kiasi

Iwapo koni ni za bei nafuu, mbona mnunuzi hukata fedha nyingi? Jibu ni kwamba hakati gharama ya koni pekee. Hukata pia hofu yake.

Usukani unaokwama au kucheza waweza kuwa na maana kadhaa. Pengine koni zimechoka tu. Pengine pikipiki iligonga gari au ng'ombe, shokabu zikapinda. Pengine shingo yenyewe imepinda au imechomelewa upya. Kasoro ya kwanza hutengenezwa kwa muda mfupi. Kasoro ya mwisho huenda isitengenezeke kikamilifu. Mnunuzi aliyesimama sokoni hana njia rahisi ya kuzitofautisha, ilhali muuzaji anaijua historia ya chombo chake.

Mwanauchumi Mmarekani George Akerlof alilichambua tatizo la namna hii mnamo 1970 akitumia mfano wa magari kuukuu, ambayo yakiwa mabovu Wamarekani huyaita "malimau". Alionyesha kwamba mahali ambapo muuzaji anajua ubora wa bidhaa na mnunuzi haujui, mnunuzi hutoa bei ya wastani inayozingatia uwezekano wa kupewa kibovu. Wenye magari mazuri hukataa bei hiyo na kujiondoa, na soko hubaki na mabovu mengi zaidi. Uchambuzi huo ulichangia kumpa Tuzo ya Nobel ya uchumi mnamo 2001, pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz.

Tuchukue mfano wa hesabu, si bei halisi za soko. Tuseme pikipiki ikiwa nzima ingeuzwa Sh80,000, na koni mpya pamoja na kazi ya fundi ni Sh2,000. Mnunuzi mwenye hakika kwamba tatizo ni koni angelipa Sh78,000. Lakini tuseme anadhani kuna uwezekano wa moja kwa nne kwamba shingo imepinda na itamgharimu Sh20,000. Robo ya Sh20,000 ni Sh5,000, na robo tatu ya Sh2,000 ni Sh1,500. Jumla ya makato yake ni Sh6,500, hivyo atatoa Sh73,500. Muuzaji ambaye angetumia Sh2,000 kabla ya kwenda sokoni angebaki na Sh78,000. Kwa kutofanya hivyo, amepoteza Sh4,500 kwa sababu ya hofu ambayo huenda haikuwa na msingi.

Duka linalochukua pikipiki kuukuu kama sehemu ya malipo ya mpya hufuata mantiki iyo hiyo, ila lina sababu ya ziada ya kutahadhari. Litalazimika kuiuza tena kwa faida, na halitaki mteja wa pili arudi akilalamika. Mkadiriaji akikuta kasoro moja katika sehemu inayohusu usalama, huwa na haki ya kujiuliza ni matunzo gani mengine yaliyopuuzwa.

Jinsi ya kupima

Upimaji wa koni hauhitaji mtambo wowote. Unahitaji watu wawili na muda wa dakika chache.

Kwanza, simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati, kisha mwenzako akandamize sehemu ya nyuma hadi gurudumu la mbele liinuke na kuning'inia.

Pili, shika usukani kwa vidole viwili tu na uugeuze polepole kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia. Uzito unapaswa kuwa sawa njia nzima. Kikwazo kidogo katikati ni dalili ya vijishimo. Mkwaruzo njia nzima ni dalili ya kutu au grisi iliyoisha.

Tatu, uweke usukani katikati na uusukume kidogo upande mmoja, kisha uuachilie. Unapaswa kuanguka wenyewe hadi mwisho wa upande huo. Rudia upande wa pili. Ukibaki palepale, ama umenaswa katika vijishimo ama nati imekazwa mno. Hakikisha kwanza kwamba kebo za breki na za mafuta hazivuti usukani.

Nne, shika shokabu zote mbili karibu na ekseli, uzivute mbele na kuzisukuma nyuma. Mwenzako aweke kidole katika kiungo cha shingo na kipande kinachoshika shokabu. Akihisi mchezo hapo, koni zimelegea au zimeisha. Mchezo ukiwa chini zaidi, ndani ya shokabu zenyewe, tatizo ni la shokabu. Gurudumu likitikisika kushoto na kulia peke yake, chunguza beringi za gurudumu.

Tano, simama mbele ya pikipiki na utazame iwapo shokabu ziko sambamba, na iwapo gurudumu linaelekea mbele usukani unapokuwa umenyooka. Kisha inama uangalie chini ya shingo: rangi iliyokunjamana au kupasuka, na alama za kuchomelea zisizo za kiwandani, huashiria ajali. Ukiziona, suala si koni tena.

Yapo mambo mawili ya kuchunga. Baadhi ya wauzaji hukaza nati kwa nguvu ili kuficha mchezo; jaribio la tatu huwafichua, kwa sababu usukani hukataa kuanguka. Wengine hushindilia grisi nzito ili vijishimo visisikike, na ndiyo maana ni busara kugeuza usukani polepole na kurudia jaribio baada ya kuiendesha pikipiki kwa muda.

Marekebisho yanayostahili

Iwapo kuna mchezo bila mkwamo, huenda kukaza nati kwa kipimo kukatosha. Iwapo kuna mkwamo, kukaza hakutasaidia, kwani vijishimo havijazwi kwa spana.

Kasoro inayorudiwa sana ni kubadilisha gololi peke yake na kuviacha vikombe vya zamani. Gololi mpya zitakaa katika vijishimo vile vile, na mkwamo utarudi mara moja. Kuna pia mbinu ya kuvizungusha vikombe ili vijishimo vihame kutoka katikati. Hiyo huahirisha tatizo tu. Suluhu ni kubadilisha seti zote mbili, ya juu na ya chini, kwa pamoja: vikombe, koni na gololi. Fundi aviingize vikombe vikiwa vimenyooka, apake grisi ya kutosha, akaze kwa kipimo, kisha aikague nati tena baada ya siku chache za kazi, kwa maana vipuri vipya hujiweka sawa na kulegea kidogo.

Kuchelewa ndiko hugeuza kasoro ndogo kuwa kubwa. Koni zilizolegea zikiachwa miezi na miezi, vikombe hugonga na kupanua ukingo wa shingo vinamokaa. Hapo hata vikombe vipya havishiki imara, na fremu yenyewe imeharibika. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta wenyewe ni fremu.

Pikipiki za umeme, ambazo zimeanza kuonekana katika barabara za Kenya, hazikuepuka kadhia hii. Hazina injini ya petroli wala haja ya kubadilishiwa oili ya injini, lakini zina shingo, zina usukani na hupita katika mashimo yale yale. Atakayenunua moja iliyotumika asiishie kuuliza hali ya betri.

Sheria inasemaje

Sheria ya Uuzaji Bidhaa, Sura ya 31 ya Sheria za Kenya, humpa mnunuzi kinga fulani. Kifungu cha 16 kinasema kwamba anaponunua kwa maelezo bidhaa kutoka kwa mfanyabiashara anayeuza bidhaa za aina hiyo, bidhaa hiyo inapaswa kuwa na ubora unaofaa kuuzwa. Hata hivyo kinga hiyo ina mpaka muhimu: iwapo mnunuzi aliikagua bidhaa, haihusu kasoro ambazo ukaguzi huo ulipaswa kuzifichua. Kwa hivyo aliyezunguka pikipiki, akaitazama, lakini asiujaribu usukani, atapata taabu kudai baadaye kwamba alidanganywa kuhusu koni.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, nayo inawagusa wote wawili. Kifungu cha 55 kinataka chombo kinachotumika barabarani kitunzwe katika hali isiyohatarisha watumiaji wengine wa barabara wala waliokipanda. Kifungu cha 9 kinazuia chombo kilichobadilisha mwenyewe kutumika barabarani kwa zaidi ya siku 14 kabla ya mwenyewe mpya kusajiliwa. Muuzaji anayekabidhi pikipiki yenye usukani mbovu bila kuhamisha umiliki hujiweka katika hatari, kwani ikitokea ajali jina litakalopatikana katika rekodi za mamlaka ya NTSA ni lake.

La kufanya kabla ya kuuza

Anayepanga kuuza pikipiki yake, au kuibadilisha kwa mpya, na aanze wiki mbili au tatu kabla. Aipime kama ilivyoelezwa hapo juu. Koni zikiwa zimeisha, azibadilishe, aombe risiti ya vipuri na ya kazi, na avitunze vikombe vya zamani. Mnunuzi akionyeshwa kikombe chenye vijishimo pamoja na risiti ya tarehe ya karibuni, ataelewa kilichokuwa kibovu na jinsi kilivyotengenezwa, na hofu yake itapungua. Kisha muuzaji mwenyewe amwalike apime usukani kabla hajaomba.

Ikiwa hana fedha za matengenezo, ni heri aseme wazi kwamba koni zimechoka na akubali zipunguzwe bei kwa gharama ya fundi, huku akimruhusu mnunuzi kuja na makanika wake kuikagua shingo. Makato yanayotokana na kasoro inayojulikana huwa na kikomo.

Naye mnunuzi asikubali kuharakishwa na dalali. Muuzaji anayekataa gurudumu la mbele liinuliwe kwa dakika tano ameshatoa jibu, na pikipiki nyingine zipo.